Saa Iliyokula Nguvu za Aabo

Mwanangu wa mwisho anafanya kazi Dubai, na kila akija likizo huniletea kitu cha umeme, kana kwamba sisi wa Galbet, hapa Garissa, umeme umetujaa hadi tunaumwaga. Safari hii alileta kisanduku cheusi chenye kifuniko cha kioo. Nilidhani ni cha kuwekea uturi. Akaniomba saa ya marehemu babu yake. Nikaitoa kabatini, ndani ya kitambaa inamolala miaka yote, naye akaivisha kwenye kimto kidogo ndani ya kile kisanduku, akachomeka waya ukutani, akabonyeza. Saa ikaanza kuzunguka. Ikageuka upande huu polepole, ikatulia, ikarudi upande ule. Nikasikia inatembea.

Nilishtuka. Sisemi nilistaajabu, nasema nilishtuka, kikombe kikaniponyoka, chai yote ikamwagikia busati. Nikamwambia akizime. Akadhani naogopa moto, akacheka, akanieleza kwa upole ule wanaotumia watoto wakimfundisha mzazi simu. Saa za namna hii, akasema, hazitiwi ufunguo. Hujijaza zenyewe mkono wa mwenye kuzivaa unapocheza. Zikiwekwa tu kabatini husimama, na ndiyo maana watu wenye saa nyingi hununua kisanduku cha kuzizungusha.

"Sasa haitasimama tena, hooyo," akaniambia. "Hata usipoivaa."

Alilisema hilo kwa furaha. Hakuna mtu aliyemwambia babu yake alikufaje, zaidi ya kwamba alikufa wakati wa vita, na mtoto wa kwetu akisikia hivyo hujaza mwenyewe risasi. Mimi nilifundisha Kiswahili darasa la sita zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kukosa neno. Siku ile nililikosa.

Anasema huko kwenye simu watu wanabishana kama visanduku hivi vina faida au ni kupoteza pesa tu. Wengine wanasema vinailinda saa mafuta yake yasigande, wengine wanasema vinaichosha bure. Basi na mimi nitasema langu. Nina haki kuliko wao wote, kwa sababu saa hiihii niliizungusha kwa mkono wangu kabla baba wa mwanangu hajanijua.

Aabo, yaani baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, wa aina ile ambayo duka lake ni miguu yake. Alikuwa anaswaga ng'ombe na ngamia kutoka juu huko, upande wa Kutulo, anapita Wajir, anashuka hadi Garissa sokoni, kisha anarudi. Kila mwaka. Hakuwahi kukaa mahali mpaka majivu ya moto wake yapoe sawasawa. Hata akiketi kuzungumza, mkono wake wa kushoto ulikuwa hautulii, unachora visima, unaonyesha njia, unamwita mtu aliye mbali. Saa aliinunua Wajir kwa tajiri mmoja wa Kiarabu, na yule tajiri alimwambia kwa Kisomali maneno ambayo aabo aliyarudia nyumbani mara nyingi hata sisi tukayajua kwa moyo: "Hii haitaki ufunguo. Inakula nguvu za anayeivaa. Nguvu zikiwepo, inatembea."

Mfanyabiashara anaposifu bidhaa yake unamsikiliza kwa sikio moja. Aabo alisikiliza kwa yote mawili. Alikuwa akiwatania watu wa mjini waliokuwa na saa za ufunguo, akiwaambia saa zao ni kama ndama yatima, lazima zinyweshwe kwa chupa kila asubuhi, lakini yake inajichunga. Kisha mwaka mmoja homa ikamlaza Wajir siku nne, na ile saa ikasimama. Hooyo, yaani mama, alikuwepo akimuuguza. Siku ya tano alipoinuka na kwenda kisimani kwa miguu yake, saa ikaanza kutembea tena. Baada ya hapo nani angemwambia kitu? Alikuwa ameona kwa macho yake, na mama yangu alikuwa shahidi.

Halafu vita vikatufikia. Vilikuwepo tangu mwanzo wa uhuru, lakini kwetu vilikuwa habari za mbali, za lori lililochomwa mahali fulani na watu waliokimbilia msituni. Karibu na mwisho wake ndipo amri ilipotoka kwamba watu wote wa porini wakusanyike kwenye vijiji vya ua, karibu na kambi za askari, na atakayeonekana nje atahesabiwa kuwa shifta, yaani mwasi. Familia yetu iliingia kwenye kijiji kimojawapo, si mbali sana na Garissa. Ngamia walibaki nje, na hatukuwaona tena. Tuliingia na mbuzi kumi na mmoja.

Ua ulikuwa wa miiba na seng'enge, na geti lilikuwa moja. Vibanda vilibanana hata jirani akikohoa unafikiri ni wewe. Geti lilifunguliwa asubuhi, likafungwa saa kumi na mbili jioni, na aliyebaki nje baada ya hapo hakuwa na wa kumtetea. Wanawake walitoka kwa makundi kuchota maji na kuokota kuni, askari akiwa nyuma yao. Wanaume hawakutoka bila kibali. Aabo, mtu wa Kutulo mpaka Garissa, akatandikiwa mkeka mlangoni mwa kibanda na kuambiwa akae.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimesoma mjini Garissa kwa shangazi yangu, nikaja kuwatembelea wazazi wiki mbaya, nikafungiwa pamoja nao. Katika safu yetu ya vibanda hakuna mwingine aliyekuwa na Kiswahili cha kuwatosha askari, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Nani mgonjwa, nani anataka kibali, nani amefariki na anahitaji kuzikwa. Nilijiona mtu mkubwa kidogo, Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu saa ikasimama.

Aabo aligundua baada ya sala ya adhuhuri. Aliinua mkono akaitazama, akaiweka sikioni, akaishusha, akaiweka tena. Kisha akanitazama mimi, maana nilikuwa karibu. Sijasahau uso wake. Nilikuwa nimemwona na homa, nimemwona amepoteza ng'ombe wengi kwa ukame, sikuwahi kumwona ameogopa.

"Imekufa," akasema.

Hakusema imesimama. Na kwa jinsi alivyolisema, mimi na hooyo tulielewa kwamba hakuwa anazungumza juu ya saa. Alilala ule mchana, na jioni hakuamka kula. Kesho yake vilevile. Hooyo alimbembeleza, akamlilia, akamletea maziwa, naye akayasukuma upande wa watoto wa jirani. Alisema mwili umeshatoa taarifa na hakuna haja ya kuupotezea chakula wanachohitaji wengine. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu anayesubiri. Siku ya sita mifupa ya mabega ilionekana juu ya shuka, na hooyo akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama mjini kuna sanda za kununua.

Siku hiyohiyo aabo aliivua saa, akanipa niihifadhi kwenye sanduku la hooyo. Mikono yangu ilikuwa na kazi. Hooyo alikuwa ameenda kwenye maji, na mimi nilikuwa nimekalia kusuka maziwa. Wasioijua kazi hiyo niwaeleze: tuna chombo kinaitwa haan, kimefumwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi ndani, unatia maziwa yaliyoganda, unakining'iniza kwa kamba, unakisukuma kiende na kurudi, kiende na kurudi, mpaka siagi ijitenge. Ni kazi ya mkono mmoja na akili ya mbali. Maziwa yetu yalikuwa kidogo, mbuzi wenyewe walikuwa wa kuhurumiwa. Ile saa nikaifunga kwenye mkanda wa haan ili nisiisahau, nikaendelea kusukuma. Labda saa nzima ilipita. Nilipoinama kufungua kifuniko nitazame kama siagi imekuja, nikasikia kitu kinapiga karibu na shavu langu.

Kwanza niligeuka nyuma kuona nani amesimama. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa saa. Mishale ilikuwa imesogea na ilikuwa ikiendelea kusogea, juu ya chombo cha maziwa, bila mkono wa mtu yeyote ndani yake. Nikaifungua, nikaitikisa, nikasikia ndani kitu kama kipande cha chuma kinazunguka. Nikaelewa. Haikuwa inakula nguvu za mtu. Ilikuwa inataka kutikiswa tu, na aabo alikuwa hatikisiki tena kwa sababu alikuwa amekatazwa kutembea.

Hapo ndipo ningepaswa kupiga kelele kijiji kizima kisikie. Nilikusudia kumweleza, wallahi. Niliingia ndani, nikamkuta amelala, nikarekebisha mishale kwa kukisia jua, nikamvisha ile saa taratibu ili akiamka nimwonyeshe na nimweleze mara moja. Lakini aliamka kabla sijafungua kinywa. Akausikia ule mlio. Akaupeleka mkono sikioni akaushikilia pale muda mrefu, macho yamefumbwa, na machozi yakamtoka akiwa anacheka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Bado nipo."

Akaomba chai. Ningemwambia nini mtu aliyekataa chakula siku sita na sasa anaomba chai? Nikajiambia nitasema baada ya chai. Baada ya chai akaomba anjera, na hooyo aliporudi na maji akamkuta ameketi anatafuna, akaliweka dumu chini bila kulitazama likaanguka. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake alitoka nje, akasalimia watu. Njia ya mwongo ni fupi, tunawafundisha watoto hivyo, lakini hatuwaambii kwamba inapoanza ni tambarare na ina kivuli.

Basi nikawa mlishaji wa saa. Kila mchana baada ya adhuhuri aabo alikuwa analala kidogo, na kwa sababu ya joto aliivua saa, mkanda wa ngozi ulikuwa unamchoma. Hooyo wakati huo huwa kwenye foleni ya maji. Mimi naichukua, naifunga kwenye haan, nasuka. Siku za maziwa nilisuka maziwa. Mbuzi walipokauka nilisuka haan tupu. Wanawake wa vibanda vya jirani walinicheka, wakaniuliza msichana wa shule anasuka nini, upepo? Nikasema nautunza mkono usisahau kazi. Wakasema kweli shule inaharibu watu.

Aabo akanenepa roho. Nasema roho, kwa sababu mwili haukurudi. Miguu yake ilikuwa imebaki fito, na akitoka kwenye kibanda hadi msikiti wetu wa miiba alikuwa anapumzika mara mbili. Mimi nilikuwa naona. Yeye alikuwa haangalii miguu, alikuwa anaangalia saa. Mtu akimwambia umekonda, anamnyooshea mkono asikilize.

Kiangazi kilipozidi, majani ya karibu yakaisha, na mbuzi wachache wa kijiji wakaanza kufa. Wakubwa wa kambi wakakubali wanaume kumi watoke na mbuzi asubuhi, wawapeleke mbali kunakosalia malisho, warudi kabla ya geti kufungwa. Koplo wa getini ndiye aliyechagua. Alikuwa mtu wa bara, mtu mzima, ambaye hakutupenda wala hakutuchukia, alitaka tu siku zake ziishe aende kwao. Akasema anataka wenye nguvu. Aabo akanishika bega tukaenda getini pamoja.

Koplo alimtazama mara moja tu. "Huyu mzee, hapana," akasema.

Neno hapana aabo alilijua. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na akakitoa chote. "Mimi iko nguvu," akasema, akanyoosha mkono wa kushoto mpaka karibu na uso wa koplo. "Ona saa yangu. Nabiga fizuri sana."

Koplo akacheka, si kwa ubaya, akanigeukia aniulize mambo ya saa yanaingiaje hapa. Nikamweleza kwamba baba anaamini saa ile hutembea mwenye kuivaa akiwa na nguvu. Akatikisa kichwa, akaitazama saa yake mwenyewe ya ufunguo, akafikiri. Kisha akaacha kucheka.

"Wewe ni binti yake," akaniambia. "Niambie wewe. Anaweza? Huko ni mbali, na mimi sina gari la kumfuata."

Aabo alikuwa ananitazama. Hakuwa ameelewa yote, lakini alijua kwamba jambo lake sasa liko mdomoni mwangu. Nyuma ya koplo geti lilikuwa wazi na ile njia ilionekana inakwenda. Miezi mingi alikuwa hajakanyaga njia. Nilijua miguu ile, nilikuwa nimeinawisha mwenyewe. Nilijua kinachotembeza ile saa. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na koplo mwenyewe alikuwa ameshalisema, nilichotakiwa ni kulirudia.

"Ndiyo," nikasema. "Anaweza."

Alitoka asubuhi iliyofuata na fimbo yake mabegani, mikono ameitundika juu yake kama zamani. Hooyo alisimama kwenye seng'enge akimtazama mpaka vumbi likatulia. Alifurahi. Mchana ule sikuwa na saa ya kuifunga kwenye haan, na nilikaa mikono mitupu nisijue nifanye nini nayo.

Walirudi mapema, kama saa kumi. Nilisikia mbuzi kwanza, kisha nikaona watu wanatembea kwa hatua moja, na katikati yao mkeka umefungwa kwenye fito mbili. Nilidhani amechoka wakambeba. Nilidhani hivyo hata walipofika getini na koplo akavua kofia.

Watu waliuliza juu ya risasi. Hapakuwa na risasi. Hakuna askari aliyemgusa wala shifta. Wale wanaume walisimulia kwamba walipofika kwenye majani aabo alikuwa mchangamfu kuliko wote, akiwaonyesha njia alizopita akiwa kijana. Jua lilipokuwa la utosi aliketi chini ya mgunga, akasema watangulie, atawafuata. Waliporudi walimkuta ameketi vilevile, mgongo kwenye mti. Ndivyo alivyokufa baba yangu, kwa kutembea, na mimi ndiye niliyempa kibali.

Wakamlaza mbele ya kibanda chetu. Makaburi yalikuwa nje ya ua, na koplo alisema anaweza kutuachia mpaka geti lifungwe, zaidi ya hapo si amri yake. Shekhe akaagiza maji ya kuosha. Wanawake wakaanza kumshika hooyo wamwingize ndani. Hooyo akakataa. Alipiga magoti, akaushika mkono wa aabo wa kushoto, akauinua.

"Haoshwi mtu aliye hai," akasema. "Sikilizeni."

Watu wakanyamaza, na katika ule ukimya tukaisikia. Ilikuwa inatembea. Inapiga vizuri, bila wasiwasi, kwenye mkono ambao vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukakamaa. Nimeishi miaka mingi na nimeona mambo, hapa kwetu hakuna aliyeishi bila kuona mambo, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale. Mzee mmoja alirudi nyuma hatua mbili. Mwanamke mwingine akaanza kusema labda kweli, labda amezimia, si homa ilimlaza hivihivi Wajir akaamka? Shekhe akaweka kiganja mbele ya pua ya aabo, akamgusa kifua, akatikisa kichwa. Hooyo hakumtazama. Alikuwa ameliweka sikio lake juu ya saa na anatabasamu, na kwa kila mtu aliyemwambia amekufa alijibu jambo lile moja: alipokuwa na homa ilisimama. Ingekuwa amekufa ingesimama.

Jua lilikuwa linashuka. Koplo alikuja mara moja, akaona, akarudi getini. Hakuna mwanamume aliyekuwa tayari kumtoa mjane kwa nguvu kwenye mkono wa mumewe, na hakuna aliyejua la kumwambia, kwa sababu wote walikuwa wamenyooshewa ile saa wasikilize. Alijua mtu mmoja tu.

Nikapiga magoti upande wa pili.

"Si yeye anayeitembeza," nikasema. "Ni mimi."

Hooyo akainua macho. Nikamweleza yote, mbele ya watu, juu ya haan, juu ya mchana na kulala kwake, juu ya chuma kinachozunguka ndani. Nikamwambia asubuhi ile alitembea, na kurudi alibebwa mkono ukining'inia, na saa haijui tofauti. Itatembea mpaka kesho na labda kesho kutwa hata tukiizika naye. Sauti yangu ilikuwa inatoka vizuri kabisa, kama natafsiri habari za mtu mwingine.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu siku aliyoomba chai."

Akafikiri. Niliona anazirudia zile siku moja moja, vile alivyoshukuru kila siku.

"Kwa hiyo hakuwa na nguvu," akasema. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Nilisubiri anipige. Nilitaka anipige. Aliufungua mkanda wa saa mwenyewe, akaivua, akaitia kwenye kifundo cha leso yake, akasimama. "Mwosheni," akasema. Wakamwosha, wakamzika, na wanaume wakaingia getini jua likiwa limebakiza unyoya.

Asubuhi yake wanawake walijaa kibandani kwa matanga, na nilipotoka kuwasha moto nikaikuta haan imening'inizwa. Hooyo ameketi nyuma yake. Alikuwa ameifunga saa kwenye mkanda, palepale nilipokuwa nikiifunga mimi, na anasuka. Haan haikuwa na hata tone la maziwa. Aliisukuma ikaenda, akaipokea, akaisukuma. Nilidhani amerukwa na akili kwa ajili yangu, na kwamba sasa nimewaua wote wawili. Wanawake walitazamana, wakamwacha. Alisuka siku hiyo mpaka magharibi, akasuka ya pili, akasuka ya tatu, akiacha kwa sala tu, na kwa siku zote hizo hakunisemesha neno. Mimi nilikaa upande wa pili wa mlango, nikisikiliza ile saa, na kila nikimwomba anipe nimsaidie aligeuza bega.

Siku ya nne mkono wake ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko. Alisukuma haan mara moja, ikarudi, naye hakuipokea. Ikabembea yenyewe, ikatulia. Kisha akaniita, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaifungua saa akanitilia kiganjani.

"Mkono wangu umechoka," akaniambia. "Usiitikise. Mwache alale."

Akajilaza na akalala mchana kutwa. Nilikaa naye. Saa ilisimama kesho yake, na sikuitikisa.

Haya ndiyo niliyomsimulia mwanangu, chai ikiwa bado imelowesha busati. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakienda kwenye kisanduku na kurudi. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama basi kisanduku hakina faida. Nikamwambia kina faida kwa mwenye saa nyingi na mkono mmoja, asiyetaka kusumbuka na mishale kila akibadilisha. Kwa huyo nasema anunue. Lakini bibi yake alisuka siku tatu akachoka, na kule kuchoka ndiko kulikomponya. Kile kisanduku hakichoki. Kingeizungusha mpaka na mimi nifukiwe.

Nikachomoa waya. Kijana wangu akatafuta kitambaa akapangusa chai.

Saa ilitembea usiku ule na kesho yake, ikasimama siku ya tatu karibu na alasiri. Nilikuwa nimeketi nayo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya paja, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na nilihitaji kuushika kwa ule wa kushoto ndipo utulie.